Nyaraka za akina Winthrop: mwongozo wa kuanzia kwa anayesoma barua, wasia na kesi za karne ya 17 na ya 18

Kila muhula maswali huwa yale yale. Nimefungua nyaraka za akina Winthrop, zimejaa barua, nianzie wapi? Mbona huyu John Winthrop kafa 1649 halafu 1726 yuko safarini kwenda London kudai mirathi? Kwa nini barua ya Februari ina miaka miwili? Nimeyajibu kwenye simu, kwenye korido, hata kwenye foleni ya chai. Sasa nayaandika yote mahali pamoja ili anayeanza apate pa kushika.

Kwa asiyewajua: John Winthrop alikuwa mwanasheria kutoka Groton, Suffolk, nchini Uingereza. Mwaka 1630 alivuka Atlantiki kwa meli ya Arbella akiwa gavana wa koloni la Massachusetts Bay. Mwanawe, naye John, akawa gavana wa Connecticut. Mjukuu wake Fitz-John akashika kiti hicho hicho, na mjukuu mwingine, Wait Still, alikaa kwenye benchi la majaji wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692. Waliandika sana na hawakutupa karatasi. Sehemu kubwa ya karatasi hizo iko Boston, katika Massachusetts Historical Society, taasisi iliyoanzishwa 1791, na nyingi unaweza kuzisoma ukiwa Morogoro au Eldoret bila kulipa hata senti.

Ninachotaka ulishike kabla ya hatua ya kwanza ni hiki: usisome barua bila hati ya kisheria, wala hati bila barua. Barua itakuonyesha walivyopendana. Hati itakuonyesha nani alimiliki nini, na nani alimmiliki nani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Simu inatosha kwa maandishi yaliyokwisha kuchapwa. Kwa picha za miswada, yaani karatasi zenyewe zilizoandikwa kwa mkono, tafuta kompyuta, hata ya kuazima, kwa sababu utahitaji kukuza neno moja mpaka lijaze kioo. Weka daftari la karatasi na penseli. Zoea penseli mapema, maana siku ukiingia kwenye chumba cha kusomea cha hifadhi yoyote ya nyaraka, kalamu ya wino itabaki mlangoni.

Fungua akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure. Humo mna picha za kumbukumbu nyingi za mahakama za mirathi za Massachusetts.

Kiingereza chako kiwe cha kuweza kufuata Biblia ya King James bila kuchoka. Lugha yao ni ya zama hizo hizo, na ukiisoma kwa sauti inaeleweka haraka kuliko ukiisoma kwa macho.

Na muda. Barua moja kwa jioni moja ni mwendo mzuri kwa anayeanza.

Hatua ya 1: Pambanua akina John

Kabla ya kusoma barua yoyote, chora mti wa ukoo kwa mkono wako. Usinakili wa mtu mwingine, kwa sababu kuuchora ndiko kunakokufanya uukumbuke. Akina John wa kuanza nao ni hawa:

John wa kwanza, gavana wa Massachusetts, alizaliwa 1588 na kufariki 1649. John wa pili, mwanawe, 1606 hadi 1676, gavana wa Connecticut, mganga na mpenda kemia. John wa tatu ni mwana wa Wait Still, 1681 hadi 1747. Huyu ndiye wa kesi nitakayoieleza hatua ya saba. Kisha kuna Profesa John Winthrop wa Harvard, mwanaastronomia wa karne ya 18, ambaye wanafunzi humchanganya na wote watatu.

Onyo: usiamini neno la undugu kama lilivyoandikwa. Emanuel Downing anamwita gavana "brother", lakini hawakuzaliwa pamoja. Downing alimwoa Lucy, dada yake Winthrop, kwa hiyo ni shemeji. Mkwe anaitwa "son", mama wa kambo anaitwa "mother", na "cousin" ni kapu linalobeba karibu kila jamaa. Sisi tuna shemeji, wifi, mkwe na mama wa kambo. Tumia maneno hayo kwenye daftari lako na utawazidi wengi wanaosoma kwa Kiingereza peke yake.

Hatua ya 2: Anza na yaliyochapwa

Nyaraka za ukoo huu zimechapishwa kwa juzuu, na juzuu tano za kwanza zinaishia 1649, mwaka aliokufa gavana. Zipo mtandaoni kwenye tovuti ya taasisi ya Boston. Soma kwanza barua kumi zilizochapwa za gavana na mkewe Margaret. Utazoea salamu zao, jinsi wanavyomtaja Mungu kila mistari miwili, jinsi wanavyoaga. Ukishajua barua yao inavyotembea, ukikutana na mswada nusu ya maneno utayabashiri kabla ya kuyasoma.

Iko moja ya kuanza nayo. Julai 1630, wiki chache baada ya kutua, gavana anamwandikia Margaret aliyebaki Uingereza. Mwanawe Henry amezama majini huko Salem. Katikati ya habari za safari na vyakula, kalamu inasimama, na anamtaja Henry mara mbili mfululizo, kama baba anayeita mtoto asiyeitika. Kisha anarudi kwenye habari nyingine. Isome hiyo kwanza, ujue unashughulika na watu.

Hatua ya 3: Nyoosha tarehe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nenda polepole.

Hadi katikati ya karne ya 18, Uingereza na makoloni yake walifungua mwaka tarehe 25 Machi. Januari, Februari na siku 24 za mwanzo za Machi zilikuwa mali ya mwaka unaokwisha. Ndiyo maana utaona tarehe kama 15 Februari 1727/8: kwao bado ni 1727, kwetu tayari ni 1728.

Chukua kifo cha gavana mwenyewe, 26 Machi 1649. Kwa kalenda yao hiyo ilikuwa siku ya pili ya mwaka mpya. Angekufa siku mbili nyuma, karani angeandika 1648.

Juu ya hapo, Wapuritani wengi (Waprotestanti wa msimamo mkali kama akina Winthrop) hawakutaka kutaja miezi kwa majina ya miungu ya Kirumi, wakaihesabu. Machi ni mwezi wa kwanza, Aprili wa pili, mpaka Februari ambao ni wa kumi na mbili. Mtu aliyekulia pwani asitishike na hili. Tumekua tukihesabu Mfungo Mosi na Mfungo Pili baada ya Ramadhani, na saa yetu ya kwanza wenzetu wanaiita ya saba. Ni hesabu ya aina hiyo hiyo, inaanzia mahali pengine tu.

Fanya hivi kwa kila barua:

Kwanza, nakili tarehe kama ilivyo, na alama zake zote. Pili, chini yake andika mwaka wetu. Tatu, kama unailinganisha na barua iliyoandikwa Paris, ongeza siku 10 kwa karne ya 17, au siku 11 kuanzia Machi 1700, kwa sababu Wafaransa walikuwa wameshabadili kalenda. Waingereza walibadili Septemba 1752: walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14.

Onyo: usifute tarehe ya asili ukaacha uliyoinyoosha. Niliwahi kufanya hivyo na barua za majira ya baridi ya mwaka mmoja. Nilipokuja kugundua kwamba nimeongeza mwaka mara mbili, sikuwa na pa kurudi ila kuanza upya, na wiki mbili zikaenda.

Hatua ya 4: Ingia kwenye mwandiko

Sasa fungua picha ya mswada. Usianze juu. Anza nyuma ya karatasi.

Hawakuwa na bahasha. Barua ilikunjwa mara kadhaa, ikafungwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa kwenye mkunjo wa nje. Aliyeipokea mara nyingi aliandika hapo hapo jina la aliyeituma na tarehe. Maneno hayo machache ndiyo ufunguo wako: unapata jina, tarehe na sampuli ya mikono miwili. Ukiona tundu pembeni mwa karatasi, ndipo lakiri ilipong'olewa na kuondoka na maneno. Wahariri huyajaza kwa kubashiri ndani ya mabano ya mraba, nawe usiyanukuu kama vile gavana ameyaandika.

Halafu jitengenezee alfabeti. Chukua maneno unayoyajua tayari (sahihi, salamu, jina la mji), yachore herufi kwa herufi kwenye daftari. Vitakavyokusumbua zaidi ni hivi:

"ye" husomwa "the". Hiyo y ni mabaki ya herufi ya kale iliyotoa sauti ya "th". Vivyo hivyo "yt" ni "that". "wch" ni "which" na "wth" ni "with". Herufi mbili "ff" mwanzoni mwa jina ni F kubwa tu. U na v hubadilishana nafasi, na i na j pia. S ndefu inafanana na f. Herufi p yenye mstari kwenye mkia inaweza kuwa "per", "par" au "pro", na ni sentensi ndiyo itakayokuamulia.

Mwandiko wa gavana ni miongoni mwa migumu kabisa ya koloni lile. Ukikushinda usijione mjinga. Jizoeze na mikono mingine kwanza, urudi kwake baadaye.

Hatua ya 5: Hesabu pesa zao

Pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12, kwa hiyo pauni ni peni 240. Neno letu shilingi limetoka huko huko. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza 1921 nayo ilikuwa 20 kwa pauni, ila tukaigawa kwa senti 100.

Jaribu: pauni 2, shilingi 15, peni 9, ongeza pauni 1, shilingi 8, peni 7. Peni ni 16, yaani shilingi 1 na peni 4. Shilingi zinakuwa 24, yaani pauni 1 na shilingi 4. Jumla ni pauni 4, shilingi 4, peni 4.

Onyo: pauni ya Boston si pauni ya London. Massachusetts ilianza kuchapa noti zake 1690, na thamani yake ikaporomoka vibaya katika miongo iliyofuata. Kabla ya hapo watu walilipana kwa mahindi, ngozi za mnyama aitwaye biva na shanga za makombe ziitwazo wampum. Usiandike "sawa na dola kadhaa za leo". Linganisha na bei nyingine ndani ya hati ile ile, kwa mfano ng'ombe alithaminiwa kiasi gani.

Hatua ya 6: Jua hati iliyo mbele yako

Wasia unasema marehemu alitaka nini. Orodha ya mali ya marehemu inasema alikuwa na nini kweli: wathamini walipita nyumbani, mara nyingi chumba kwa chumba, wakiandika kila kitu na bei yake. Hati ya ardhi inataja mipaka na majirani. Dhamana inataja deni na faini ya kutolipa, na kiasi kikubwa unachokiona mwanzoni ndiyo faini, mara nyingi maradufu ya deni lenyewe. Hati ya uwakala ina maana mwenye mali yuko mbali, basi tafuta barua za kipindi hicho.

Tukibanwa na muda, soma orodha ya mali.

Hatua ya 7: Weka barua na hati pamoja

Kesi ya kujifunzia ni ya Winthrop na Lechmere.

Wait Still Winthrop alifariki Boston mwaka 1717 bila wasia. Aliacha watoto wawili: John na Anne, mke wa Thomas Lechmere. Sheria ya Connecticut ilimpa mwana wa kwanza wa kiume mafungu mawili na kila mtoto mwingine fungu moja. Kwa hiyo John theluthi mbili, Anne theluthi moja. Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu ataona ni mgawanyo ule ule wa kaka mmoja na dada mmoja. Lakini sababu ni nyingine: hapa ni uzaliwa wa kwanza, kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Wangekuwa kaka wawili, hesabu ingeachana na ya Kiislamu mara moja.

John hakukubali. Alidai ardhi yote ni yake kwa sheria ya Uingereza, iliyompa mwana wa kiume wa kwanza ardhi yote ya baba asiyeacha wasia. Lechmere akaenda mahakamani Connecticut, akashinda, akapewa usimamizi wa mirathi. Mwaka 1726 John akapanda meli kwenda London kukata rufaa mbele ya Baraza la Mfalme. Tarehe 15 Februari 1727/8 Baraza likampa ushindi, na zaidi ya hapo likaifuta sheria yenyewe ya Connecticut. Fikiria mshtuko: koloni zima lilikuwa limegawa mashamba kwa sheria ile kwa miaka, na sasa kila hati inayumba.

Sasa fuata mpangilio huu. Soma kwanza uamuzi wa Baraza. Kisha soma kumbukumbu za bunge la Connecticut za miaka hiyo, zilizochapishwa na kuwekwa mtandaoni bure. Mwisho, soma barua za familia. Kwenye uamuzi John ni mrithi halali aliyeonewa. Kwenye kumbukumbu za bunge ni mtu anayehatarisha koloni. Kwenye barua ni mume na baba aliyewaacha mke na watoto New London, na hakurudi tena mpaka alipofia Uingereza mwaka 1747. Ukisoma moja tu kati ya hizo tatu, utamwelewa vibaya.

Na Anne? Kesi yote inahusu fungu lake, lakini jina lililo kwenye mashtaka ni la mumewe, kwa kuwa sheria ya siku zile iliweka mali ya mke mikononi mwa mume. Andika jina lake juu ya ukurasa wa daftari lako kabla hujaanza.

Hatua ya 8: Tafuta waliomilikiwa

Usiiruke hatua hii.

Gavana aliandika wasia mwaka 1639. Kwa mwanawe Adam aliacha kisiwa chake katika bandari ya Boston, kilichoitwa Governor's Garden, na pamoja nacho "Wahindi" wake waliokuwa kisiwani, yaani wenyeji wa Amerika, si watu wa India. Maneno machache, kati ya kisiwa na vifaa. Vita dhidi ya Wapequot, kabila mojawapo la wenyeji hao, vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, na mateka waligawiwa nyumba za wakubwa. Mwaka 1641 Winthrop aliutengua wasia huo kwa kuwa mali yake ilikuwa imeanguka, lakini mstari haukufutika. Kisiwa chenyewe leo kimemezwa na uwanja wa ndege wa Logan.

Nenda kwenye jarida lake, yaani shajara yake, Februari 1637/8. Meli ya Desire imerudi kutoka visiwa vya Karibi, imeleta pamba, tumbaku, chumvi, na Waafrika. Anaiandika kama orodha ya shehena. Kisha tafuta barua ya Downing ya 1645: anamshauri shemeji yake kwamba wapiganapo na Wanarragansett, kabila jingine la wenyeji, mateka wabadilishwe kwa Waafrika, kwani haoni koloni litastawi vipi bila watumwa wa kutosha. Mwana mwingine wa gavana, Samuel, alikuwa na shamba la miwa Antigua, na kazi ya shamba hilo ilifanywa na watumwa.

Onyo kwa anayetafsiri: neno "servant" humaanisha mtu wa mshahara, au aliyejifunga kwa mkataba wa miaka, au mtumwa kabisa. Usiandike "mtumishi" kila mahali kwa uvivu. Tafuta kama kuna muda wa mkataba, mshahara, jina la ukoo. Vikikosekana vyote, na mtu huyo anarithishwa pamoja na boti, mwite mtumwa. Massachusetts iliuhalalisha utumwa katika sheria zake za 1641, kwa hiyo hakuna sababu ya kuona haya kwa niaba yao.

Hatua ya 9: Andika ulikoitoa

Jina la mkusanyo, aliyeandika, aliyeandikiwa, tarehe ya asili na iliyonyooshwa, sanduku au juzuu, ukurasa. Fanya hivyo kabla ya kufunga dirisha, sio kesho.

Ukikwama

Neno halisomeki kabisa. Weka kistari, endelea. Mara nyingi linajirudia mistari kumi mbele likiwa limeandikwa wazi zaidi.

Huipati picha ya sehemu ya katikati ya jarida la gavana. Haipo. Jarida lilikuwa daftari tatu, na la pili liliungua 1825 katika moto uliotokea ofisini kwa James Savage, mhariri wake, huko Boston. Tulichonacho ni nakala aliyokwisha kuinakili.

Unatafuta jina na hakuna kitu. Badili tahajia: Winthrop, Wynthrop, Winthropp. Badili na mji: New London iliitwa Pequot kabla ya 1658. Kwenye vitabu vya zamani vilivyopigwa picha, mashine husoma s ndefu kama f, kwa hiyo jaribu neno lako ukiweka f penye s.

Katalogi inasema hati ipo kwenye filamu ndogo (microfilm) tu. Waandikie wakutubi barua fupi: wewe ni nani, hati gani, sanduku lipi, tarehe ipi. Ombi la hati moja iliyotajwa vizuri hujibiwa. Ombi la "kila kitu kuhusu Winthrop" linawachosha na halikusaidii.

Una barua bila jibu lake. Kumbuka barua hukaa kwa aliyeipokea. Barua za Roger Williams, mwanzilishi wa mji wa Providence, kwa akina Winthrop zimejaa kwenye mkusanyo huu kwa sababu zilifika nyumbani kwao zikatunzwa. Walizomwandikia yeye nyingi hazipo. Providence, mji wake, uliteketezwa vitani mwaka 1676. Hapo njia ni moja: soma barua za Williams ukiwa na penseli, na kila anapojibu swali, andika pembeni swali lenyewe lilivyopaswa kuwa.